Kwa Nini Sanduku la Bi Harusi Halitoki kwa Wiki Mbili

Wiki iliyopita mteja alirudi karakanani na simu mkononi. Kwenye picha tuliona kifuniko cha sanduku tulilomtengenezea dada yake aliyeolewa Muscat, Oman. Ufa umeanzia ukingoni, umekata ua la nakshi katikati na kuishia karibu na bawaba. "Mumenidhulumu," alisema. "Nimelipa pesa ya mbao ngumu."

Neno hilo limetuuma. Mbao ngumu ilikuwa ngumu kweli, ya mti wa mkongo mtupu, lakini hakuinunua kwetu. Aliileta mwenyewe kwa sababu aliipata kwa bei nafuu, na harusi ilikuwa imebaki siku kumi na tisa. Tulipoishika tu tulijua ni mbichi: nzito, na ukiipiga randa maranda yake yanatoka laini, hayakatiki. Tukamwambia. Akajibu, "Iwekeni juani siku tatu, itakauka." Tukakubali kwa kumwonea imani. Hapo tulikosea, na hatutakubali tena.

Jua la siku tatu hukausha ngozi ya juu tu. Ndani maji yamebaki, na ngozi ikishabana kabla ya moyo, ubao hupinda au hupasuka. Sisi mbao zetu tunazipanga kivulini, vijiti katikati ya kila ubao upepo upite, na ncha tunazipaka rangi ili zisikauke haraka kuliko katikati. Hesabu ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Kwa hiyo ukiona bei yetu imezidi ya dukani, ujue ndani yake umo ubao uliokusubiri tangu mwaka juzi, na pesa yetu imelala nao.

Halafu kuna jambo ambalo wateja hawalisemi mpaka waulizwe: zawadi inakwenda kuishi wapi? Hapa pwani mbao ikifika unyevu wa asilimia 14 au 15 imetulia, hewa yetu haiishushi zaidi. Ipeleke kwenye nyumba yenye kiyoyozi mchana na usiku, itashuka hadi 10 hivi. Kifuniko cha sentimita 50 hapo hupungua upana karibu nusu sentimita. Urefu haupungui kwa kiasi cha kuonekana, ni upana. Kikiwa kimegongwa misumari na kutiwa gundi pande zote nne, hakina pa kwenda ila kupasuka. Sanduku linalokwenda Oman au Uingereza tunalichongea mfereji kwenye fremu, ubao wa katikati ukae ndani bila gundi, ujivute na kujitanua wenyewe. Kazi hiyo inaongeza siku mbili. Ndiyo, tunazitoza.

Mama mmoja alituletea sanduku la bibi yake tulitengeneze. Mengi ya masanduku ya zamani ya Mji Mkongwe yaliletwa na majahazi kutoka India, na lile lilikuwa la msaji (mtiki), pembe zake zimefumwa meno kwa meno, hazijalegea hata moja. Kilichooza ni kitako. Fundi fulani aliwahi kukibadilisha kwa mwembe usiotiwa dawa, bungua, wadudu watoboao mbao, wakaumaliza. Ukiliinua unamwagika unga. Kuokoa pesa kidogo ya kitako kukamgharimu kitako kipya na droo mbili zilizoambukizwa.

Njumu, ile misumari ya mapambo, nazo tunaletewa sana. Mtu ananunua misumari ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba, anatuomba tuigonge kwa sababu "haionekani tofauti". Siku ya harusi kweli haionekani. Masika moja ya hewa ya bahari ikipita, kila msumari unatoa weusi unaoingia ndani ya mbao, na ule weusi hautoki kwa msasa. Tumewahi kung'oa misumari zaidi ya mia mbili kwenye sanduku moja, tundu kwa tundu, na kuziba kwa vumbi la mbao ileile na gundi. Aliyelileta alilipa zaidi ya bei ya shaba halisi.

Ukiambiwa kwingine ni nusu bei, usitazame nakshi ya mbele. Vuta droo uitazame nyuma, pinda chini uone kitako. Fundi aliyeharakisha ameharakisha huko.

Harusi za Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, basi, tuleteeni oda kabla ya Rajabu kwisha. Sanduku lenye nakshi pande tatu linatuchukua wiki saba, na mafundi wetu wawili wa patasi hawawezi kugawanywa. Mbao ya mteja tutaipokea ikiwa kavu kwa kipimo, mbele ya macho yake.

Yule mteja mwenye dada Muscat tunamtengenezea kifuniko kingine, cha msaji wetu, ua lilelile. Atalipa mbao, ufundi ni juu yetu. Ubao tumeshauranda.