Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasikilizaji wa Muziki wa Chemba

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na kumbukumbu za vikao anazo katibu. Mimi nitazungumzia tulichokisikiliza, yaani muziki wa chemba, ule unaopigwa na wapigaji wachache, kwani ndicho kilichotukutanisha.

Mwaka huu tuliacha kuonja vipande vipande. Kila kikao kilikuwa na kazi moja, tukaisikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha tukairudia. Tulikubaliana pia kwamba anayeleta rekodi atangulie kumtaja mtunzi kabla ya wapigaji. Nawashukuru wote mliovumilia, hasa mlioona mwanzoni kwamba muda ni mrefu mno.

Kikao ambacho bado nakiwaza ni kile cha mtunzi Mmarekani Florence Price. Mama huyu alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, akafariki mwaka 1953. Mwaka 2009, nyumba iliyokuwa imetelekezwa huko St. Anne, Illinois, ilipokuwa ikikarabatiwa, humo ndani yalikutwa mabunda ya miswada yake ya muziki. Muziki ulikuwepo miaka yote hiyo, ila hapakuwa na wa kuupiga. Sisi tulisikiliza kwinteti yake ya piano ya A maina, yaani kazi ya wapigaji watano, piano na ala nne za nyuzi, iliyorekodiwa na kikundi cha Catalyst Quartet pamoja na mpiga piano Michelle Cann, albamu ya mwaka 2022. Sehemu ya tatu inaitwa Juba, jina la dansi ya watumwa wa Marekani walionyimwa ngoma za kupiga, wakapiga vifua na mapaja yao badala yake. Tulipoirudia, nilitazama miguu chini ya viti: hakuna uliotulia.

Kikundi hichohicho, kikiwa na mpiga klarineti Anthony McGill, kimerekodi kwinteti ya klarineti ya Samuel Coleridge-Taylor, Mwingereza ambaye baba yake alitoka Sierra Leone. Aliiandika mwaka 1895 akiwa bado mwanafunzi. Mwalimu wake, Stanford, alikuwa amesema kwamba baada ya kwinteti ya klarineti ya Brahms, mtunzi Mjerumani, hakuna atakayeandika kwinteti ya namna hiyo bila kumfuata Brahms. Kijana akaandika. Sikilizeni sehemu ya pili, klarineti inapoimba taratibu juu ya nyuzi. Naomba tusimsifu mtu huyu kwa kumhurumia eti alifariki akiwa na miaka 37. Kazi yenyewe inatosha kusifiwa.

Kwa watunzi walio hai, tulimchagua Caroline Shaw. Albamu yake Orange, iliyopigwa na Attacca Quartet, ilitoka mwaka 2019 na ikapata tuzo ya Grammy. Ndani yake mna Entr'acte, aliyoiandika mwaka 2011 baada ya kusikia kwarteti, yaani kazi ya wapigaji wanne, ya mtunzi wa zamani Haydn. Kuna mahali upinde unapita juu ya nyuzi bila kutoa nota, unasikika kama pumzi tu. Mwishoni wengine wote wananyamaza, chelo, ala kubwa ya nyuzi yenye sauti nzito, inabaki peke yake ikidonolewa kwa vidole. Mwanachama mmoja aliomba tusiwashe taa mara moja, nasi tukakaa gizani kidogo.

Palikuwa na upungufu. Vikao viwili tulisikiliza kwa spika mbovu, sauti ya viola, ala ya nyuzi iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, ikapotea kabisa, na kosa hilo ni la uongozi. Spika zimeshabadilishwa.

Kikao cha kwanza cha mwaka ujao ni trio ya piano, yaani kazi ya wapigaji watatu, ya mtunzi Rebecca Clarke, ya mwaka 1921. Mwenye nakala ya nota aje nayo, tutaifuata pamoja.

Wenu,
Mwenyekiti