Jumuiya ya vijana ianzie kwenye daftari la wanachama

Mhariri,

Vijana wa hapa Tanga wanaotaka jumuiya ya kisiasa ya kiliberali isiyo tawi la chama chochote wasikimbilie nembo na fulana. Waandike kwanza kifungu cha nani ana haki ya kupiga kura.

Uholanzi kuna JOVD, jumuiya ya vijana wa kiliberali iliyoundwa 1949, mwaka mmoja baada ya chama cha kiliberali cha VVD. Kifikra ni majirani, lakini mwanachama halazimiki kuwa na kadi ya VVD. Mark Rutte aliiongoza 1988 hadi 1991, miaka mingi kabla ya kuwa waziri mkuu. Hata huko uhuru una mipaka: ruzuku ya serikali kwa jumuiya ya vijana hutegemea pia viti vya bungeni vya chama inachohusishwa nacho.

Kwetu ugonjwa huingia siku ya uchaguzi. Mgombea hushusha Coaster mbili za watu, anawalipia ada mlangoni, na matokeo yamekwisha kujulikana. Daftari lifungwe siku 30 kabla ya mkutano na nakala ibandikwe ukutani. Ada ilipwe kwa simu ya mwanachama mwenyewe. Mweka hazina akiona miamala kumi na mitano ya kiasi kilekile kutoka namba moja, asiandikishe hata jina moja kabla ya kuwaona wenyewe.

Akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama ili mkutano uwe halali, nayo ina mtego. Ukiandika "nusu ya wanachama wote", walioacha kulipa nao wanahesabika, mkutano haukamiliki, na viongozi wa zamani wanabaki madarakani bila kuchaguliwa. Iwe theluthi ya waliolipa ada; isipotimia, mkutano urudiwe baada ya siku 14 kwa watakaofika.

Benki wawepo watia saini watatu, wawili watoshe, mmoja wao lazima mweka hazina. Mfadhili mmoja asivuke robo ya bajeti, na ukumbi wa bure wa mheshimiwa uhesabiwe kama fedha. Watakaosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 wakumbuke kwamba inataka shirika lisifungamane na chama. Kumpigia debe mgombea kwa cheti cha usajili huo ni kujitafutia kufutwa.

Mwisho ni umri. Sera ya vijana ya 2007 iliweka kikomo cha ujana kuwa miaka 35. Muhula ukiwa miaka mitatu, aliyechaguliwa na miaka 34 atakuwa bado kitini akiwa na 37. Kikomo kihesabiwe siku ya kumaliza muhula, si siku ya kuchukua fomu.

Wasomaji wenu,
Chumbageni, Tanga