Mariamu ni jina zuri, tusiliharibu kwenye makaratasi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niwatetee kina Mariamu. Siku hizi mzazi akilitaja jina hilo anaulizwa, "Mariamu tena?" kana kwamba jina likipendwa na wengi linashuka thamani. Mimi nalipenda hasa kwa sababu halibagui dini. Waislamu wanalo katika sura ya 19, na mwenye jina hilo ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Kurani. Wakristo wanalisoma katika Luka 1:27. Ni majina machache ya kike hapa kwetu yanayoitikiwa madrasa na kanisani vilevile.

Kinachoniuma ni wazazi kuukimbia wingi huo kwa kuchezea herufi. Ili binti aonekane wa peke yake, anaandikwa Maryam, Meriam, Marium. Ukiita, wote wanaitika. Matata yako kwenye karatasi. Tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali, linasema Maryam Juma, kwa kuwa muuguzi kaandika alivyosikia. Darasa la kwanza mwalimu anaandika Mariamu Juma Athumani. Kidato cha nne anakuwa Mariam J. Athuman. Siku binti anaomba mkopo wa chuo, anakotakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, mtu mmoja anaonekana watatu. Ndipo vinapoanza viapo kwa wakili, nauli za kwenda na kurudi, na huku muda wa maombi unakwisha.

Kinga yake haina gharama. Kabla ya siku ya kujifungua, baba na mama wakubaliane herufi, waandike majina matatu, la mtoto, la baba na la babu, kwa herufi kubwa, na karatasi hiyo iende na mama hospitali. Karani akimaliza kujaza, someni herufi moja moja kabla ya kuweka sahihi. Tazameni Y na I, tazameni U ya mwisho, wala msiruke jina la babu, maana Athumani, Athuman na Othman nayo yanasumbua sana. Sheria inatoa siku 90 za kusajili kizazi, lakini nendeni mapema. Siku ya kuandikisha shule, mwalimu apewe nakala ya cheti anakili, asitajiwe jina kwa mdomo. Na kabla shule haijatuma orodha ya watahiniwa wa darasa la saba au kidato cha nne, mzazi aombe kuiona. Hapo kosa linarekebishwa kwa kalamu. Likishachapwa kwenye cheti cha mtihani ni kazi nyingine kabisa.

Kuwatenganisha kina Mariamu hakuhitaji herufi za ajabu. Zahanati wakikuta kadi mbili za Mariamu Juma, waulize tarehe ya kuzaliwa kabla ya kugusa dawa. Hata namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, inaanza na tarehe hiyo.

Walimu nao nawaomba waache kuita "Mariamu mnene" na "Mariamu mweusi". Mtoto anaumia, na darasa zima linalishika jina hilo hadi anamaliza shule. Mmoja aitwe Mariamu Juma, mwenzake Mariamu Hamisi.

Msomaji wako,
Tanga