Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwenye mkutano uliopita mliitaka kamati iangalie wanafunzi wanauliza nini maabara, badala ya kuhesabu vifaa tu. Tumefanya hivyo. Taarifa hii itakaa zaidi kwenye jaribio moja, la mshumaa, maana lilitufunza kuliko warsha zote.

Mnalijua: mshumaa unawashwa kwenye sahani ya maji, unafunikwa kwa glasi, unazimika, maji yanapanda ndani. Wengi wetu tulikaririshwa kwamba oksijeni imekwisha na maji yamechukua nafasi yake. Kwa kuwa oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, basi maji hupanda moja ya tano. Hesabu tamu, ndiyo maana haihojiwi.

Safari hii tuliwaomba walimu wasieleze kitu. Wanafunzi waandike kwanza wanachotarajia, kisha watazame. Wakagundua kwamba maji hupanda kwa kasi baada ya mshumaa kuzimika, si wakati unawaka. Halafu mmoja akauliza: je, tukiweka mishumaa mitatu? Glasi ileile, hewa ileile, lakini maji yakapanda zaidi. Oksijeni peke yake haielezi hilo. Moto hupasha hewa, hewa hutanuka na nyingine hutoka kwa mapovu ukingoni. Iliyobaki ikipoa husinyaa, na kanieneo ya nje, yaani mgandamizo wa hewa iliyo nje ya glasi, husukuma maji ndani. Tena mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado imo tele.

Swali la mishumaa mitatu halimo kwenye mwongozo wowote wa mwalimu niliouona.

Si wote waliofurahi. Baadhi ya walimu walisema, na wana haki, kwamba mtihani unataka jibu moja na kipindi hakitoshi mabishano. Kamati haijapata dawa ya hilo. Mimi ningepunguza idadi ya majaribio, kwani lile ambalo jibu lake liko ubaoni tangu mwanzo ni maonyesho tu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mishumaa, kwa bahati nzuri, haikututia hasara.

Mwakani tunapendekeza jaribio la mwanasayansi van Helmont la karne ya 17. Alipanda mti kwenye chungu, akaumwagilia miaka 5. Ukaongezeka zaidi ya kilo 70, udongo ukapungua gramu 60 hivi. Akahitimisha kuwa mti wote umetokana na maji. Wanafunzi wapewe vipimo vyake bila maelezo, waseme ni kitu gani hakukipima.