Barua kwa Rukia, kabla hajahamia Green Bank

Rukia mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani Tanga. Hatujambo wote, presha ya mama yako imetulia tangu aache kujiongezea chumvi mezani. Nimeona bora niandike maana juzi kwenye simu tulikuwa tunakatizana tu, na shangazi yako alikuwa amekaa pale pale anasikiliza kila kitu, kwa hiyo yale niliyoyasema mbele yake wewe yaache yapite.

Unasema unataka kutoka Maryland uhamie Green Bank, huko huko Marekani, kwa sababu kemikali, umeme na mawimbi ya simu vinakuumiza. Naanza na hili na nitalirudia mpaka unichoke. Usihamishe hata kijiko kwenda huko Green Bank kabla simu ya mezani haijawekwa kwenye hiyo nyumba na wewe mwenyewe umeipiga ukatusikia. Nimesoma habari za huko, mdogo wako amenitafutia. Ni milimani West Virginia, eneo la ukimya wa redio walilolitenga tangu mwaka 1958, kama kilomita za mraba 34,000, kwa ajili ya madarubini yanayosikiliza mawimbi kutoka angani, na hiyo kubwa sahani yake ina upana wa mita 100. Kijiji chenyewe watu mia na kitu tu. Mtandao wa simu za mkononi hakuna. Sasa we una pumu, unataka kukaa peke yako, saa nane usiku kifua kinabana, theluji nje, utamwita nani?

Na hiyo simu iwe ya waya wa shaba, usikubali ile inayopita kwenye boksi la intaneti. Ya shaba inakuja na umeme wake kutoka kwenye mitambo ya simu, kama volti 48, kwa hiyo umeme wa nyumba ukikatika yenyewe bado inafanya kazi, wakati hiyo ya boksi inazimika na taa. Hapo nazungumza kama fundi, mengine nazungumza kama baba.

Lingine la kifundi. Uliniambia umeme unakuumiza, baadaye ukasema waifai, baadaye ukasema simu. Mwanangu hivyo ni vitu tofauti. Umeme wa nyumba huko kwenu unapiga mizunguko 60 kwa sekunde, hapa kwetu 50. Mawimbi ya simu na waifai ni mamilioni na mabilioni. Green Bank wanachobana ni hayo ya pili, na wanayabana kwa sababu ya darubini, hawabani kwa sababu ya wagonjwa. Nguzo za umeme zipo, friji zipo, na nasikia hata waifai siku hizi imejaa majumbani mwa watu. Tena kuna jambo hujaliuliza kabisa: watu wa milimani wakati wa baridi wanawasha majiko ya kuni. We moshi wa kuni unauweza? Wenye darubini wanakataza mawimbi, moshi hawaukatazi, na dawa ya kufulia ya jirani hawaikatazi. Muulize mwenye nyumba majirani wanapasha nyumba moto kwa kutumia nini, muulize lini ilipigwa rangi na kama kuna zulia jipya, maana gundi na rangi mpya zinatoa hewa miezi na miezi.

Upande wa kemikali mimi nakuamini moja kwa moja na sihitaji mtu anithibitishie, ya rangi ya mafuta pale dukani unayajua na mimi nayajua. Na ile kazi ya usafi, kila siku klorini na dawa za kuua vijidudu kwenye vyumba vilivyofungwa madirisha, madaktari wanajua siku nyingi kwamba wanaofanya usafi wanapata pumu kuliko watu wengine. Sasa kwa nini uliacha kazi bila kumpata daktari akaandika? Na kwa nini tuliambiwa baada ya miezi, tena na mtu baki? Umesomesha wadogo zako wawili kwa hiyo kazi, na nikitembea hapa mtaani natembea kifua mbele kwa sababu yako, halafu jambo kama hili unalibeba kimya kimya.

Kuhusu watu wa nyumbani, hao niachie mimi. Shangazi yako anasema anayekimbia ubani ni nani kama si shetani, anataka usomewe. Ba'mdogo wako anasema ni uzungu. Nimewajibu hivi: marehemu babu yake alikuwa akila kamba anavimba midomo, mlimpeleka kwa mganga au mliacha kupika kamba? Wakanyamaza. Nimewaambia ukweli pia kwamba hii hali yako ya kuumizwa na kemikali si aleji kama ile ya babu, kipimo cha damu hakionyeshi kitu, na ndo maana hata madaktari wanabishana tangu yule daktari wa aleji wa Chicago, Randolph, alivyoanza kuisema miaka ya 1950. Lakini kutokuonekana kwenye kipimo hakumfanyi mtu kuwa muongo. Kule Canada Tume ya Haki za Binadamu ilishasema tangu 2007 kwamba watu wenye hali kama hii wasibaguliwe, na huko Halifax maofisi mengi yanaomba watu wasije wamejipulizia manukato. Ba'mdogo nilimwambia pia habari za Gro Harlem Brundtland, daktari, waziri mkuu wa Norway zamani, aliyesema mwaka 2002, akiwa mkuu wa shirika la afya la dunia, kwamba simu za mkononi zinamuumiza kichwa. Hapo akaanza kusikiliza, maana yeye bila cheo hasikii.

Sasa upande wa mawimbi, usinikasirikie. Wamefanya majaribio mengi, mtu anakaa chumbani, mtambo unawashwa au unazimwa bila yeye kujua wala anayempima kujua, halafu anaulizwa. Wengi hawakutofautisha kuliko mtu anayebahatisha, na kichwa kiliwauma hata mtambo ukiwa umezimwa. Shirika la afya la dunia mwaka 2005 liliandika mambo mawili pamoja, kwamba maumivu ni ya kweli na yanaweza kumlemaza mtu, na kwamba hawajaona ushahidi wa kuyafunga na mawimbi. Ndugu zako wamelishika hilo la pili peke yake, we umelishika la kwanza peke yake. Mimi naona mwili wako umeumizwa kweli na zile dawa za kazini na sasa unashtuka kwa kila kitu. Naweza nikawa sijaona yote. Ila ukienda mlimani ukiamini waifai ndo adui pekee, utaacha kutibu pumu, na pumu ndo inayonikosesha usingizi. Dawa ya kuvuta usiiache. Hata ukisema ina harufu, mwambie daktari akupe nyingine, usiiache.

Sikukatazi kwenda. Kama ukimya unakupa usingizi, nenda ukalale mwanangu. Nenda kwanza wiki mbili upange chumba kwa mtu, usivunje mkataba wa Maryland bado. Ujue hospitali iko umbali gani kwa gari, umjue jirani mmoja kwa jina. Na simu ya mezani, nimesema.

Hela ya bati mwezi huu usitume. Fundi kasema jikoni panaweza kusubiri mpaka baada ya vuli, kwa hiyo hiyo hela lipia laini ya simu. Chumba chako nimekipiga chokaa tupu, rangi ya mafuta sijaweka, na mama yako shuka zako anafulia sabuni ya mche na anaanika juani. Harusi ya mdogo wako tumekubaliana udi utafukizwa nyumba ya pili, kwetu hautaingia, shangazi kanuna lakini kakubali.

Nitumie namba ya huyo mwenye nyumba niongee naye mwenyewe, mdogo wako atatafsiri. Halafu mama yako anauliza, khanga mpya alizokununulia azifue mara ngapi mpaka ile harufu ya dukani iishe, au asizilete kabisa?

Baba yako