Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama 2024: hii dozi tunayoipandisha bila kujua

Wanachama wenzangu wapiga picha za eksirei wa Mtwara na Lindi, habari za kazi na poleni na zamu. Naandika kama ninavyoongea maana najua wengi mtaisoma hii kwenye simu, mgonjwa mmoja anatoka mwingine anaingia.

Mambo ya chama kwa kifupi. Mkutano wa Mei haukufanyika, Kimbunga Hidaya na zile mvua vilikata barabara ya Lindi kwenda Dar, wenzetu wa upande wa Kilwa wakakwama kabisa, tukaona si haki kukutana nusu nusu, tukaja kukutana baadae Ndanda. Ada zinasuasua, mhazini atawasomea hesabu mwenyewe. Wanachama wapya karibuni sana.

Sasa kinachonikereketa mwaka mzima ni dozi, yaani mionzi anayopokea mgonjwa. Wakongwe mnakumbuka enzi za filamu na chumba cha giza, ukizidisha mAs, yaani kiasi cha mionzi unayopiga, picha inatoka nyeusi tii, ukipunguza inatoka nyeupe, filamu ilikuwa inakusema hapohapo. Dijitali haikusemi. Ukizidisha mara mbili kompyuta inarekebisha yenyewe, picha inatoka safi, mifupa inaonekana hadi vile viuzi vya ndani na daktari anakusifia, ila ukipunguza kidogo tu zinakuja chenga kama tivii ya zamani, basi kesho yake unapandisha ili chenga zisirudi, na mwenzako wa zamu ya usiku nae anapandisha kidogo, hakuna anayeshusha, na ukija kuuliza baada ya miaka miwili nani kabadilisha humpati.

Nilipita kituo kimoja mwaka huu, sitakitaja. Ile karatasi ya ekspoza ukutani, inayosema kila kiungo kipigwe kwa kiasi gani, imeshikwa na selotepu, imekuwa rangi ya chai, kwenye nyonga imeandikwa mAs 20, ikakatwa kwa peni ya bluu ikawa 25, ikakatwa tena kwa peni nyekundu ikawa 32. Namba zote kwenye ile karatasi zilizokatwa zilikatwa kwenda juu, nilizitafuta zilizoshuka sikuona hata moja.

Nikiwa hapohapo akaingia mama na mtoto wa miaka kama minne, anachechemea. Kijana wetu akamlaza vizuri, akaongea nae kwa upole, mtoto akatulia, kazi nzuri kabisa, ila akampiga picha ya nyonga na gridi, lile bamba la kuchuja mionzi iliyotawanyika, ikiwa ndani ya meza kama alivyoikuta asubuhi. Sasa gridi ipo kwa ajili ya mwili mnene, zaidi ya sentimita 10 hivi, pale mionzi inapotawanyika ikaharibu picha, na ukiiweka inakudai mAs mara mbili hadi mara tano. Katoto kembamba kama kale hakahitaji gridi. Nikamuuliza taratibu baada ya mgonjwa kutoka, mbona hukuitoa? Akaniambia, "Mwenyekiti, sijawahi kuambiwa kwamba inatoka." Nililala na hilo neno. Sikumlaumu, sisi wakubwa ndio hatukumwambia.

Kwahiyo ombi langu kwenu ni moja, kabla ya kugusa batani jiulize daktari anataka kujua nini. Mtu kaanguka kwenye mkorosho, mkono ushafungwa plasta, wanataka kuona tu mifupa imekaa sawa au imehama, hapo chenga kidogo haziharibu kitu, piga ya chini. Kijana wa bodaboda kaangukia kiganja na anaumia chini ya kidole gumba, hapo wanatafuta ufa mwembamba wa skafoidi, kale kamfupa kadogo ka kifundo cha mkono, ambao hata picha nzuri inaweza isiuone siku za mwanzo, hapo usibane, tumia kV ndogo, ile nguvu ya mionzi kupenya, upate kontrasti, usije ukamrudisha nyumbani na picha ya ukungu. Picha mbovu inayorudiwa ni dozi mara mbili na bado umempotezea muda.

Tena tuwe wakweli hatari iko wapi. Picha ya mkono au mguu ni kama 0.001 mSv (milisiveti, kipimo cha dozi), kitu kidogo mno. Nyonga ni kama 0.6, na uti wa mgongo wa kiunoni kama 1.5, wakati mionzi ya asili anayopata mtu kwa mwaka mzima duniani ni wastani wa 2.4. Yaani kiuno kimoja ni zaidi ya mikono elfu moja! Na wazee wetu wakitoka mashambani na viuno vinauma wanaandikiwa picha ya kiuno kila wakirudi kliniki. Hapo ndipo pa kumpigia daktari simu umuulize kwa heshima kama ile ya miezi mitatu iliyopita haitoshi. Kwenye kiuno na nyonga jaribuni pia kupandisha kV kwa asilimia 15 na kukata mAs nusu, mfano 70 kwenda 80, detekta, ile sahani inayopokea picha, inapata karibu kilekile na mgonjwa anapata pungufu, kontrasti inashuka kidogo ila kompyuta inaibeba.

Kolimeta, ile milango ya kubana eneo la mionzi, fungeni kabla ya kupiga jamani. Naona mtindo wa kuacha taa imemulika tumbo zima halafu kingo zinakatwa kwenye kompyuta, picha inaonekana imebanwa vizuri kumbe mgonjwa ashaipokea yote. Ukifunga mapema mtawanyiko unapungua na picha yenyewe inakuwa kali zaidi.

Na ile namba ya DI kwenye kona ya skrini, inayoonyesha umezidi au umepungukiwa na lengo, isomeni. Sifuri maana yake umelenga, +3 umetumia mara mbili ya lengo, -3 umetumia nusu. Mashine za zamani zina namba zao na nyingine namba ikishuka ndio dozi imepanda, kwahiyo uliza kwanza ya kwako inasomwaje.

Kuna walioniuliza kuhusu kumfunika mgonjwa sehemu za siri kwa madini ya risasi ili kuzuia mionzi. Wanafizikia wa tiba wa Marekani, AAPM, walishauri mwaka 2019 tuache kuifanya kama mazoea, inaweza kuziba mfupa wenyewe, na ikikaa juu ya sensa ile ekspoza ya otomatiki inazidi kuongeza mionzi. Sisi hatubadilishi kitu kienyeji, katibu ataandika barua TAEC, Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania, tupate maelekezo.

Mwakani kila chumba kiwe na kaunta buku, andika kiungo, kV, mAs, DI, na kama umerudia andika kwa nini. Jina la aliyepiga msiandike, sitaki mtu aogope akafuta. Mje nazo Masasi kwenye mkutano ujao tuzifungue pamoja, na yule kijana wa gridi amekubali kusimama mbele atuonyeshe inavyotolewa na kurudishwa, ashaifanya mpaka mikono imezoea.