Vitabu vya ubatizo vinaliwa na mchwa

Ndugu Mhariri,

Mama yangu alibatizwa mwaka 1936 katika parokia moja huku Sengerema. Baba yake alikuwa Mwaustria aliyekuja Geita kutafuta dhahabu, akaondoka mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Alituachia jina la ukoo tu, nasi tukalitamka Maya.

Miaka mitatu nimelitafuta hilo Maya kwenye intaneti nisiambulie kitu. Kumbe kwao ni Mayr, Maier, Mayer au Meier, na wenye jina hilo wamejaa kama akina Masanja kwetu Usukumani. Bila kujua parokia hufiki popote, maana sehemu kubwa ya Austria waliozaliwa na waliokufa waliandikwa kanisani mpaka mwisho wa mwaka 1938.

Kidokezo cha parokia ya babu nilikikuta Sengerema. Katekista alinifungulia kabati, na kwenye mstari wa mama padre alikuwa ameandika kwa Kilatini kwamba baba mtu ametoka Steyr. Neno moja tu! Steyr ni mji wa Austria, upo Jimbo Katoliki la Linz, na vitabu vya jimbo hilo vimepigwa picha, unavisoma bure katika tovuti ya Matricula. Mwandiko ni wa Kijerumani cha kale, herufi e unaweza kudhani ni n. Nimekesha nao usiku mwingi. Nikampata babu, mzaliwa wa 1903: namba ya nyumba yao, wazazi wake, msimamizi wa ubatizo, hata mkunga. Nilipomsomea mama jina la bibi yake, alinirudisha mara tatu, akalitamka polepole mpaka likamkaa mdomoni.

Lakini kile kitabu cha Sengerema kimeingiliwa na mchwa. Tundu limefika upana wa kidole kutoka kwenye neno Steyr, na kurasa za mwanzo zimekuwa vumbi. Humo wamo pia babu na bibi zetu Wasukuma na Wazinza ambao hawakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Jina lao halikuandikwa mahali pengine.

Nawaomba maparoko wa kando ya ziwa wavitoe vitabu hivyo kabatini kabla ya mvua za vuli, vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wavipige picha kwa simu zao, ukurasa kwa ukurasa. Kazi ya kufunua kurasa nitaifanya mimi, na nauli ya kivuko nitajilipia.

Mwalimu mstaafu,
Igoma, Mwanza